Mlango wa Depo: Historia ya Vipimo vya Kuajiri Askari Polisi Dar es Salaam

Tangu Jeshi la Polisi la Tanganyika lilipoundwa rasmi mwaka 1919, swali la nani anastahili kuvaa sare yake limejibiwa kwa njia nyingi, na kila njia imebeba alama ya watawala walioibuni: mara kimo na afya ya mwili, mara asili na kabila, mara utiifu kwa chama, mara cheti cha kidato cha nne. Swali lililokawia kuulizwa ni jepesi kulitamka lakini zito kulitekeleza, nalo ni kazi gani hasa ataifanya askari huyo akipangiwa kituo cha Mbagala, Chang'ombe, Magomeni au Kawe, na ni kipimo gani kinachoweza kuonyesha, kabla hajapelekwa mafunzoni, kwamba ataifanya vyema na kwa haki. Historia ya mlango huo wa kuingilia, ambao askari wenyewe huuita mlango wa depo kwa kuwa depo ndilo jina lao la shule ya mafunzo ya awali, inaonyesha kwamba kwa zaidi ya karne moja waajiri wamepima kile kilichokuwa rahisi kwao kukiona, na kwamba gharama ya mazoea hayo haikumwangukia mwombaji aliyeachwa peke yake, bali pia mwananchi anayekwenda kituoni kutafuta msaada.

Ili historia hiyo ieleweke, istilahi tatu zinahitaji kufafanuliwa mapema. Kipimo huwa na uhalali pale kinapopima kwa kweli jambo linalodaiwa kupimwa, na kwa ajira jambo hilo ni uwezo wa kufanya kazi husika. Mtihani wa kuogelea unaweza kuwa mgumu na ukasimamiwa kwa uaminifu mkubwa, lakini hauna uhalali wa kumchagua karani. Kipimo huwa na uthabiti pale mtu yuleyule, akipimwa leo na wiki ijayo, au akisahihishwa na wasahihishaji wawili tofauti, anapopata matokeo yanayokaribiana. Haki ya kipimo, ambayo ni sharti la tatu, hudai kwamba watu wenye uwezo sawa wa kuifanya kazi wawe na nafasi sawa ya kufaulu, bila kujali jinsia, mkoa, kipato au jina la ukoo. Mtihani unaweza kuwa thabiti bila kuwa halali, na unaweza kusimamiwa bila rushwa yoyote na bado ukawa hauna haki, kwa sababu dhuluma imekwisha kuingizwa ndani ya sharti lenyewe.

Askari mgeni

Chanzo cha uaskari wa kulipwa mshahara na dola katika pwani ya Tanganyika ni vita. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann, aliyetumwa na serikali ya Ujerumani kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim na wenzake, aliajiri Wasudani wapatao 600 kutoka Misri pamoja na vijana kutoka kusini mwa Msumbiji, na kikosi hicho ndicho kilichokuwa msingi wa jeshi la kikoloni lililopewa sura rasmi mwaka 1891, mwaka uleule ambao Dar es Salaam ilichukua nafasi ya Bagamoyo kuwa makao makuu ya koloni. Kigezo cha kwanza cha uajiri kilikuwa ugeni. Mtu asiye na shamba, mjomba wala shemeji katika nchi aliyotumwa kuitiisha alihesabiwa kuwa salama zaidi kwa mwajiri wake kuliko mwenyeji ambaye angeweza kusita kuelekeza bunduki kwa jirani.

Polisi wa Kijerumani, waliozidi 2,000 kufikia mwaka 1914, walitoka kwa sehemu kubwa katika mkondo huohuo wa kijeshi, na kazi yao ilikuwa kusindikiza, kulinda boma, kukusanya kodi na kusimamia kazi za kulazimishwa. Sehemu ambazo leo ni Kinondoni na Temeke zilikuwa wakati huo vijiji na mashamba ya Wazaramo na wenzao wa pwani, na askari alipofika huko alifika kama mkono wa boma. Kwa kazi ya namna hiyo, kipimo cha nguvu na utiifu kilikuwa na uhalali wa aina yake, kwa maana kilipima kile ambacho mwajiri alikihitaji. Kasoro ilikuwa katika kazi yenyewe, ambayo haikukusudiwa kumhudumia mwananchi hata kidogo. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu vigezo vya kazi ile viliendelea kuishi muda mrefu baada ya kazi yenyewe kubadilika.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Jeshi la Polisi la Tanganyika lilitangazwa rasmi tarehe 25 Agosti 1919, makao yake makuu yakiwa Lushoto kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1921. Mfano uliofuatwa katika makoloni mengi ya Uingereza ulikuwa ule wa polisi wa Ireland, waliokaa kambini na kubeba silaha, badala ya ule wa London ambao askari wake walitembea mitaani bila bunduki na kutegemea kufahamiana na wakazi. Ngazi za vyeo zilifuata rangi: maofisa walikuwa Wazungu, nafasi nyingi za kati zikashikwa na Waasia, na Waafrika wakabaki chini kama askari wa kawaida. Kwa hiyo mlango haukuwa mmoja bali mitatu, na kila mlango ulikuwa na kipimo chake. Wa chini kabisa ulipima mwili, afya na mwenendo, na uzoefu wa jeshini ukahesabiwa kuwa sifa. Askari wengi walioingia kwa mlango huo katika miongo ya mwanzo hawakujua kusoma wala kuandika, kwa kuwa hakuna aliyewataka wajue.

Mji wenyewe ndio uliofichua upungufu wa kipimo hicho. Wakazi wa Dar es Salaam walihesabiwa kuwa 69,277 mwaka 1948 na 128,742 mwaka 1957, yaani karibu maradufu ndani ya miaka 9, na serikali ikajenga mitaa mipya ya Waafrika huko Ilala, Magomeni, Temeke na Kinondoni. Katika miaka hiyo utawala uliwatuma polisi kufanya misako ya wale uliowaita wahuni, yaani vijana wasio na ajira iliyotambuliwa, na kukagua stakabadhi za kodi, kisha waliokosa karatasi wakarudishwa vijijini kwa nguvu. Askari aliyechaguliwa kwa upana wa kifua sasa alipewa kazi ya kusoma karatasi, kupokea malalamiko, kutofautisha mwizi na mpita njia, na kutoa ushahidi mahakamani, na pengo kati ya alichopimwa na alichotakiwa kufanya likawa sehemu ya uzoefu wa kila siku wa wakazi wa mitaa hiyo.

Askari mtiifu

Uhuru wa mwaka 1961 ulibadilisha mwenye nchi, lakini tukio lililobadilisha mlango wa uajiri lilitokea Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo katika Kinondoni, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, huku mamia ya polisi wa Tanganyika wakiwa wamepelekwa Zanzibar kufuatia Mapinduzi ya tarehe 12 mwezi huohuo. Baada ya maasi kuzimwa kwa msaada wa majeshi ya Uingereza, jeshi la zamani lilivunjwa, na jipya, Jeshi la Wananchi, likaundwa Septemba 1964 kwa vijana walioletwa kwa njia ya Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU na Jeshi la Kujenga Taifa lililokuwa limeanzishwa Julai 1963. Polisi haikuvunjwa, na katika miaka hiyo Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, lakini fikra mpya ya uajiri ilivigusa vyombo vyote vya ulinzi: askari na polisi waliruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, na utiifu kwa taifa ukaanza kusomwa kupitia utiifu kwa chama.

Fikra hiyo ilikuwa na sababu zake, kwa kuwa dola changa iliyokuwa imenusurika wiki chache zilizopita haikuweza kupuuza suala la nani anashika silaha. Mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi, uliosambaa mijini na vijijini kuanzia katikati ya miaka ya 1960, uliifanya barua ya utambulisho kuwa hati ya lazima katika shughuli nyingi za kiserikali, na kwa mara ya kwanza mwenendo wa kijana ulishuhudiwa na watu wanaomfahamu mtaani kwake badala ya ofisa wa kigeni. Hapo palikuwa na mbegu njema, kwa sababu tabia ya mtu huonekana vizuri zaidi kwa muda mrefu kuliko katika mahojiano ya dakika kumi. Palikuwa pia na hatari, kwani barua isiyo na maswali maalumu, inayoandikwa na mtu mmoja asiyewajibika kueleza alichokiona, humpima mwombaji kwa uhusiano wake na mwandishi wa barua. Kuingia kwa mfumo wa vyama vingi kulikata kamba ya chama kisheria: mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1992 yalileta katika Ibara ya 147 marufuku kwa askari, wakiwemo polisi, kujiunga na chama chochote cha siasa. Kwa maneno mengine, kigezo kilichokuwa sifa mwaka 1964 kikawa kosa mwaka 1992, na hakuna kinachoonyesha wazi zaidi kwamba sharti la kuingilia hutokana na shabaha ya wenye mamlaka katika zama fulani na linaweza kubadilishwa.

Askari mwenye cheti

Kigezo kilichojaza nafasi iliyoachwa ni cheti. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, liliipa nchi kipimo kimoja cha kitaifa ambacho mwajiri yeyote angeweza kukitumia bila gharama, na kadiri shule za sekondari zilivyoongezeka ndivyo cheti cha kidato cha nne kilivyokuwa ufunguo wa ajira za vyombo vya ulinzi. Faida zake hazipaswi kudharauliwa. Karatasi za mitihani husahihishwa kwa namba badala ya majina, wasahihishaji hufanya kazi kwa mwongozo mmoja, na mtoto wa mvuvi wa Kigamboni hukutana na maswali yaleyale anayokutana nayo mtoto wa waziri. Kwa upande wa uthabiti, hakuna barua ya balozi wala jicho la ofisa linaloweza kushindana na utaratibu huo.

Hata hivyo, thamani kubwa iliyowekwa juu ya karatasi moja ilizaa biashara ya kuighushi, na Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika, katika uhakiki ulioshirikisha Baraza la Mitihani, kuwa na vyeti vya kughushi. Kasoro ya ndani zaidi ni ile ya uhalali. Masomo mengi ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kwa hiyo daraja la kidato cha nne, pamoja na kupima maarifa ya baiolojia au jiografia, hupima pia ni kwa kiasi gani kijana aliipata lugha ambayo shule za kata nyingi hazina walimu wa kutosha wa kuifundisha. Askari anayesimama kaunta ya kituo cha Temeke hufanya kazi yake kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku, na tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya sheria, hoja ya kumpima kwa lugha nyingine imezidi kupungua nguvu.

Uwanja wa Taifa, 2014

Tatizo la kupima umma mkubwa kwa nafasi chache lilionekana kwa ukamilifu wake katika wilaya ya Temeke mwezi Juni 2014, wakati waombaji zaidi ya 10,000 walipoitwa Uwanja wa Taifa kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji, chombo ambacho kiko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi sawa na Jeshi la Polisi. Uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 2007 na kujengwa kwa mashabiki 60,000, ulichaguliwa kwa sababu umati wa namna hiyo haungeenea katika kumbi za kawaida za mitihani, na picha za vijana wenye shahada na stashahada wakiwa wameketi kwenye viti vya mashabiki, karatasi zikiwa mapajani, zilisambaa nchini kama ushahidi wa ukubwa wa tatizo la ajira.

Kwa historia ya vipimo, siku hiyo inafundisha jambo ambalo halikujadiliwa sana wakati ule. Nafasi 70 kwa watu zaidi ya 10,000 ni sawa na mtu mmoja kati ya zaidi ya 140, na katika uwiano wa namna hiyo hatima ya maelfu ya watu huamuliwa na tofauti ya alama moja au mbili. Kila kipimo kina kosa lake la asili, yaani kiasi ambacho alama ya mtu hupanda au kushuka kwa sababu zisizohusiana na uwezo wake, kama vile jua, njaa ya asubuhi, swali moja lililoandikwa vibaya au msahihishaji aliyechoka, na mara nyingi kosa hilo ni kubwa kuliko tofauti iliyomtenganisha wa mwisho kuitwa na wa kwanza kuachwa. Mtihani mmoja mfupi, hata ukisimamiwa kwa uaminifu kamili, hauwezi kuwatenganisha kwa haki watu waliokaribiana kiasi hicho. Unachoweza kufanya ni kuwaondoa wasiofaa kabisa, na waliobaki wakapita katika hatua nyingine zinazopima mambo mengine.

Palipokosekana hatua za namna hiyo, nafasi iliyobaki wazi ilijazwa na shaka. Katikati ya mwaka huohuo wizara ilisimamisha ajira za vijana 200 waliokuwa wamechaguliwa kuwa konstebo na koplo wa Uhamiaji, baada ya kuwapo malalamiko ya umma kwamba baadhi yao walikuwa ndugu wa watumishi wa idara, na uchunguzi ukaamriwa. Upendeleo wa kindugu hustawi pale ambapo hakuna anayeweza kueleza kwa maandishi kwa nini huyu alichukuliwa na yule akaachwa, na kwa sababu hiyo kumbukumbu ya alama, inayoweza kukaguliwa na mtu wa nje, ni kinga bora kuliko onyo lolote la kimaadili. Tume ya Rais ya Kero ya Rushwa iliyoongozwa na Joseph Warioba ilikuwa imeitaja polisi, tangu 1996, miongoni mwa maeneo yaliyoathiriwa sana na rushwa, na ni vigumu kutarajia uadilifu kwa askari ambaye somo lake la kwanza kuhusu kazi lilikuwa kwamba mlango wake hufunguliwa kwa kujuana.

Nchini Kenya, mwaka huohuo wa 2014, suala hilo lilifika mahakamani. Zoezi la kuajiri makuruta 10,000 lilifanyika nchi nzima kwa siku moja, tarehe 14 Julai, katika viwanja ambako vijana walipangwa mistari, wakapimwa kimo, wakakimbizwa na kukaguliwa meno, na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi ikaenda Mahakama Kuu ikieleza kasoro na rushwa ambazo wachunguzi wake walizikuta. Tarehe 31 Oktoba, Jaji Isaac Lenaola aliyatangaza matokeo yote kuwa batili. Uamuzi huo uliweka katika sheria za Afrika Mashariki fikra kwamba namna ya kumchagua askari si siri ya ndani ya jeshi la polisi, bali ni tendo la umma linaloweza kupimwa kwa Katiba.

Mafunzo kutoka mbali

Jitihada za kumpima askari polisi kitaalamu zina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1916 mwanasaikolojia Lewis Terman aliwapima waombaji 30 wa kazi ya polisi na zimamoto katika mji wa San Jose, California, kwa kutumia vipimo vya akili alivyokuwa amevitayarisha, na tangu hapo miji ya Marekani ikazoea mitihani ya maandishi. Mazoea hayo yalifikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo katika kesi ya Washington dhidi ya Davis, iliyoamuliwa mwaka 1976, ambapo waombaji Weusi wa polisi wa jiji la Washington walionyesha kwamba mtihani wa msamiati na ufahamu uliwaangusha kwa kiwango cha takriban mara nne ya Wazungu. Mahakama iliukubali mtihani huo, kwa sehemu kwa sababu ulihusiana na mafanikio katika shule ya mafunzo, na hapo ndipo wataalamu wengi walipoona pengo: kutabiri nani atafaulu darasani si sawa na kutabiri nani atafanya kazi vizuri mtaani, hasa ikiwa darasa lenyewe linapima kwa karatasi kilekile kilichopimwa mlangoni.

Kesi ya Dothard dhidi ya Rawlinson, iliyoamuliwa mwaka 1977, inagusa moja kwa moja hali ya Dar es Salaam. Jimbo la Alabama lilidai kwamba askari magereza awe na kimo cha angalau futi 5 na inchi 2 na uzito wa paundi 120, sharti lililowaondoa zaidi ya asilimia 40 ya wanawake na chini ya asilimia 1 ya wanaume, na mahakama ikalikataa kwa kuwa jimbo halikuonyesha uhusiano wowote kati ya vipimo hivyo na nguvu iliyodaiwa kuhitajika. Kama nguvu ndiyo inayotakiwa, basi ipimwe nguvu.

Matangazo ya kujiunga na Jeshi la Polisi Tanzania ya miaka ya karibuni yamedai futi 5 na inchi 8 kwa mwanaume na futi 5 na inchi 4 kwa mwanamke, yaani takriban sentimita 173 na 163, vimo ambavyo Watanzania wengi wa jinsia zote mbili hawavifikii. Sharti hilo linaonekana kuwa la kimaumbile tu, lakini lina historia ya kijamii ndani yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 42 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya utotoni, na watoto haohao ndio walioanza kutimiza miaka 18 mwaka 2023 na kusimama mbele ya rula ya kupimia makuruta. Rula hiyo, pasipo mtu yeyote kukusudia, humuuliza kijana ikiwa nyumba aliyozaliwa ilikuwa na chakula cha kutosha. Uingereza, ambako desturi ya kupima kimo cha polisi ilitoka, iliachana na sharti hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kazi ya kaunta

Utaratibu wa kutengeneza mtihani wenye uhalali huanza na uchambuzi wa kazi, yaani kuorodhesha kwa ushahidi yale ambayo mtu hufanya kila siku katika nafasi hiyo, mara ngapi, na hasara gani hutokea akikosea. Konstebo mpya wa Mbagala au Manzese anatumia sehemu kubwa ya zamu yake akiwa kaunta, na tukio moja la kawaida linatosha kuonyesha uzito wa kazi hiyo. Mwanamke anafika usiku akiwa na jeraha, akifuatana na shangazi yake anayezungumza zaidi kuliko yeye. Askari anapaswa kumsikiliza mhusika mwenyewe bila kumkatiza, kutambua kama jambo ni la jinai au la madai, kuandika taarifa katika kitabu na kutoa namba ya RB, kujaza fomu ya PF3 ili mgonjwa atibiwe na majeraha yaandikwe na daktari, kumwelekeza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na kufanya yote hayo kwa sauti isiyomfanya ajute kuja.

Katika orodha hiyo hakuna jambo hata moja linalopimwa na rula, na machache tu yanagusiwa na daraja la kidato cha nne. Saa, mahali, rangi ya nguo na mpangilio wa matukio vikiandikwa vibaya usiku huo, wakili wa utetezi atavipata miezi sita baadaye, na kesi itaanguka. Maelezo ya onyo ya mtuhumiwa yakichukuliwa kinyume cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, mahakama inaweza kuyakataa hata kama yana ukweli. Uwezo wa kusikiliza, kukumbuka kwa usahihi na kuandika Kiswahili kilichonyooka ni uwezo wa msingi wa kazi hii, na unapimika kwa mtihani usio na gharama kubwa: mwombaji asikilizishwe simulizi ya dakika chache ya mlalamikaji wa kubuni, kisha aandike taarifa kwa nusu saa, na karatasi yake, ikiwa na namba badala ya jina, isahihishwe na watu wawili wasiojuana kwa mwongozo mmoja.

Mambo mengine yanahitaji vipimo vya namna nyingine. Utulivu na busara huonekana vizuri zaidi katika usaili wenye mpangilio, ambapo kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale kuhusu hali halisi, kama kundi la bodaboda lililomzingira mtuhumiwa wa wizi, na majibu kupewa alama kwa vigezo vilivyoandikwa kabla, kuliko katika mazungumzo huru ambayo humpendelea anayefanana na msaili. Nguvu ya mwili, ambayo bado ni sehemu ya kazi, ipimwe kwa vitendo vinavyofanana na kazi yenyewe, kama kukimbia umbali mfupi na kumburuta majeruhi, badala ya kimo. Mwenendo uchunguzwe kwa fomu yenye maswali maalumu inayojazwa na serikali ya mtaa, mwalimu na mwajiri wa zamani, ili ile mbegu njema ya enzi za balozi isipotee. Hatimaye alama zote zihifadhiwe na zilinganishwe, baada ya miaka miwili au mitatu, na utendaji wa walioajiriwa vituoni, kwa sababu mtihani ambao haujawahi kulinganishwa na kazi unabaki kuwa dhana ya aliyeutunga.

Ripoti ya Tume ya Rais ya kuboresha taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhiwa Julai 2023, ilipendekeza polisi iondoke katika mtazamo wa jeshi na kuingia katika ule wa huduma. Pendekezo hilo haliwezi kukamilika kwa kubadilisha jina na sare iwapo mlango utaendelea kuuliza maswali ya mwaka 1919. Nchi ina uzoefu wa nusu karne wa kutunga na kusahihisha mitihani kwa namba zisizo na majina, ina wataalamu wa saikolojia na upimaji katika vyuo vyake, na tangu mwaka 2010 ina Sekretarieti ya Ajira inayoendesha usaili wa watumishi wengi wa umma. Kinachokosekana ni kukubali kwamba kazi ya polisi ni taaluma inayoweza kuchambuliwa na kupimwa kama taaluma nyingine. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022, wengi wao wakiishi katika mitaa ya pembeni ambako kituo cha polisi ndiyo ofisi ya kwanza ya dola wanayokutana nayo wakiwa na shida. Wakazi hao ndio wenye haki kubwa zaidi juu ya mtihani wa konstebo, kubwa hata kuliko ya waombaji wenyewe, kwa kuwa mwombaji aliyeachwa kwa makosa anaweza kutafuta kazi nyingine, lakini mkazi wa Mbagala hana kaunta nyingine ya kupeleka malalamiko yake usiku.